Bwawa Langu na Sahihi ya Odera

Alhamisi, mwezi wa pili, 1996

Jua la leo limetuchoma kama mtu mwenye kisasi. Tangu asubuhi kuku wamekaa chini ya ghala midomo wazi, na mimi, tangu nirudi sokoni, nimekaa karibu nao, tukifanana. Upepo hakuna. Lakini moyo wangu haukukaa hata dakika moja, kwa sababu karatasi imerudi kutoka Remba.

Ndiyo, daftari, karatasi ile. Nitakwambia imeandikwa nini, lakini si sasa hivi. Mimi nimeingoja siku ishirini na tatu. Wewe unaweza kungoja kurasa chache.

Kwanza, kama siku moja mtu atauliza kwa nini mzee wa Ndhiwa anaandika mambo yake kwa Kiswahili, jibu ni mke wangu. Nyar Karungu anasoma Biblia ya Kiluo kutoka Mwanzo hadi Ufunuo bila kusimama kunywa maji. Nikiandika Kiluo, kesho yake mambo yangu yote yako kisimani na akina mama wanayatia chumvi. Kiswahili anakisikia sokoni, kukisoma hapana. Mimi nilikipata kambini, nilipokuwa mpishi wa watu wa barabara, miaka kumi na miwili nikichemsha maharagwe ya makabila yote. Shule niliachia darasa la nne. Kwa hiyo ukiona kosa humu, lisamehe, au ulaumu jua.

Mambo ya bwawa yalianza na mifupa.

Zamani mtu wa huku alikula samaki. Siku hizi malori ya barafu yanangoja ufukweni, mbuta anapelekwa kiwandani, minofu inapanda ndege kwenda kwa watu ambao hawajawahi hata kuliona ziwa, na sisi tunaletewa kilichobaki: kichwa, uti na mkia. Tunakiita mgongo wazi. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nanyonya uti kama huo nikamwambia Nyar Karungu, "Huyu samaki namfahamu kwa sifa tu."

Akasema, "Basi fuga wako."

Alisema hivyo kunyamazisha kelele yangu mezani. Mimi nikalichukua neno nikalala nalo. Shamba langu linateremka mpaka kwenye kinamasi. Pale chini, tope linapoanza kuvuta mabuti ya mpira, kuna mafunjo marefu kuliko mtu, na maji hayakauki hata mwezi kama huu. Nusu ya kinamasi ni yangu, nusu ni ya ndugu yangu mkubwa, Odera. Baba alitugawia kwa kurusha fimbo yake. Ilipoangukia ndipo mpaka ulipo hadi leo. Nikaona mahali pazuri pa bwawa la samaki wa ngege. Nikachukua jembe.

Nilichimba siku tatu. Shimo lilipofika ukubwa wa kitanda, naibu wa chifu akatokea kwenye kijia, amevaa kofia.

"Mzee Ochola, unamzika nani?"

"Njaa," nikasema.

"Una kibali?"

"Cha kuzika njaa?"

Hakucheka. Ni kijana wa hapa hapa, nilimjua akitembea bila suruali, na nikamkumbusha hilo. Akasema suruali anayo sasa, na ni ya serikali. Nikamwambia shamba ni langu, hati iko ndani ya sanduku chini ya kitanda, akitaka akaione.

"Shamba ni lako, jaduong', mzee wangu," akasema. "Maji ndiyo si yako. Hayo yanapita tu. Acha jembe, nenda Homa Bay, ofisi ya maji, upate kibali. Ukichimba tena kabla ya hapo nitakupeleka mwenyewe, na nitakushika mkono njia nzima kama bibi harusi."

Nilimtukana kidogo, kwa heshima, kisha nikaacha jembe.

Homa Bay nilimkuta karani, msichana mpole wa kutoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Alinipa fomu ya kurasa nne. Alikiita kinamasi changu ardhi oevu. Nikamwambia tumeoga tope humo tangu dunia iumbwe na leo ndiyo mara ya kwanza kinaitwa jina la heshima namna hiyo. Akatabasamu, akaendelea na kalamu yake. Hati ya shamba, nakala. Barua ya chifu. Mchoro wa shimo, urefu, upana, kina, maji yaingie wapi, yatoke wapi, na umbali mpaka kijito. Tangazo libandikwe kwa chifu siku thelathini ili mwenye la kusema aseme. Halafu afisa aje na pikipiki akague, akanyage tope mwenyewe, ndipo watu wafikirie.

"Mambo yote hayo kwa ajili ya shimo?"

"Mzee, kile kinamasi kinashika maji ya watu wengi. Ukiyazuia kwako, wa chini yako anakauka. Ukiyaachia vibaya, anafurika. Shimo si lako peke yako."

Nikaomba kalamu. Nilichora palepale kwenye kaunta. Nilichora na samaki ndani, nikamtia tabasamu. Karani akasema samaki hatakiwi kwenye mchoro. Nikasema yeye ndiye mwenye nyumba.

Kisha akafungua ukurasa wa tatu.

Ukurasa wa tatu ni wa majirani. Kila mtu ambaye shamba lake linagusa kinamasi hichohicho aandike jina, na achague moja: Nakubali, au Napinga. Anayekubali anatia sahihi na kazi yake imekwisha, hana haja ya kufika. Anayepinga anaandika sababu, na siku ya ukaguzi lazima afike mwenyewe, asimame shambani mbele ya afisa na chifu, aonyeshe kwa kidole anachokisema. Asipofika, pingamizi lake linaanguka.

Nikauliza, sauti yangu ikiwa imepungua kidogo, "Na kama jirani hayupo?"

Karani hakuinua hata kichwa. "Atafutwe," akasema.

Atafutwe.

Nilitoka ofisini nikakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Neno hilo nimekuwa nalo kooni miaka tisa, na serikali imelisema kwa pumzi moja huku inatafuta kibanio cha karatasi.

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuliandika mahali popote. Nyar Karungu yuko nje, nasikia ndoo yake, basi niandike haraka.

Kwetu mbegu haitoki mkononi mwa mdogo kabla ya mkubwa. Mvua ikinyesha, mkubwa anapanda kwanza, yeye na mkewe, ndipo wa pili, ndipo wa tatu. Ukimruka mkubwa wako umemtukana yeye na nyumba yake yote. Hakuna mtoto wa huku asiyelijua hilo. Mimi nililijua kabla sijajua kujifuta pua.

Mwaka ule, miaka tisa iliyopita, Odera alikuwa amefiwa na mkewe. Mtu asiye na mke hawezi kutoa mbegu, kwa hiyo alikwenda Kisegi kuzungumza na watu wa mjane mmoja, taratibu, kama inavyotakiwa. Mvua ikaja mapema yeye akiwa huko. Tukangoja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Majirani wote wameshapanda, shamba letu linafuka mvuke tu. Siku ya tano nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, watu wakaniuliza, Ochola, vipi shamba lako liko uchi?

Nikasema, "Mvua haiwezi kukaa sebuleni ikingoja Odera apate wa kulala naye."

Walicheka mpaka mwenye mashine akazima injini ili asikie tena. Nikarudia. Mimi kicheko cha watu ni pombe yangu, sina nyingine. Jioni hiyo nilipanda. Nyar Karungu alikataa kugusa mbegu, akaingia ndani akafunga mlango. Nikapanda peke yangu, huku napiga mluzi.

Odera alirudi mahindi yakiwa yamefika kifundo cha mguu. Kisegi mambo hayakuwa yamekwenda. Na mzaha wangu ulimlaki njiani. Watu wa mashine walimsimulia wakidhani ameshausikia, ili wacheke naye. Alikuja akasimama kwenye mpaka. Nilikuwa napalilia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuchekesha, matatu hivi, ya kumpoza. Hakunipa nafasi.

"Mahindi yako yamependeza, Ochola," akasema.

Basi. Akaenda nyumbani kwake, akachukua nyavu zake za zamani na blanketi, akashuka ziwani. Remba. Kisiwa kile cha mabati, watu wamebanana kama dagaa wa omena juani. Hajarudi tangu siku hiyo, hata siku moja, hata kwa mazishi.

Mahindi yalikuwa mazuri sana. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Yangekufa ningesema tumelipwa. Nyar Karungu hakuyala, alinunua ya sokoni, na mimi nikala yangu peke yangu mwaka mzima, matamu, punje zimejaa. Tangu hapo mimi ndiye mkubwa aliyebaki shambani, kwa hiyo kila mvua mimi ndiye ninayepanda kwanza, kwa haki. Haki hiyo haina ladha.

Utauliza kwa nini sikumfuata. Nilimfuata, mara moja. Nilifika ufukweni, nikaliona boti, nikawaambia watu tumbo linaniuma. Tumbo halikuwa na neno lolote.

Turudi kwenye fomu. Majirani wa kinamasi tuko wachache. Wawili walikubali siku hiyohiyo, mmoja baada ya chai, mwingine baada ya kuniuliza kama samaki wangu watakuwa wananisikiliza kuliko mke wangu. Ikabaki nafasi moja. Naibu wa chifu aliiona akasema, kwa kunihurumia, "Jaduong', mtu yuko kisiwani miaka yote hii. Andika tu wewe jina lake. Nani atajua?"

Daftari, nikwambie ukweli. Sahihi ya Odera naiweza kuliko Odera mwenyewe. Yeye alifika darasa la saba, mimi la nne, na shuleni niliiga mwandiko wake kwenye barua za kumwambia mwalimu kwamba Ochola anaumwa. Siku hiyo jioni nilijaribu hapa, ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Ile O yake kubwa kama chungu, ule mkia wa mwisho unaorudi nyuma kama mtu aliyesahau kofia. Ilitoka sawasawa. Hata yeye angeapa ni yake.

Nikaitazama. Nikaitazama tena. Sikuweza kuihamishia kwenye fomu, kwa sababu nilielewa nimekuwa nikikaa hapo robo saa nikilitazama jina la ndugu yangu kama mtu anavyotazama picha.

Kwa hiyo hapa ndipo ninapokiri. Tangu siku ile ya ngazi za Homa Bay, mimi sitaki tena samaki. Wakininyima kibali na waninyime, mgongo wazi una mchuzi wake. Ninachotaka ni karatasi itoke mkononi mwangu ifike mkononi mwake, na irudi na kitu alichokiandika yeye. Odera ana miaka sabini na moja. Mtu wa umri huo atarudi nyumbani kwa njia moja kati ya mbili, kwa miguu yake au ndani ya sanduku juu ya boti. Nataka ya miguu. Sina njia nyingine ya kumwita isipokuwa ya serikali.

Mama Rosa wa Kisegi ndiye aliyeipeleka. Ni mfanyabiashara wa omena, ananunua Remba, anauza soko la Ndhiwa, na mdomo wake unafika kabla ya magunia yake. Nilimpa fomu ndani ya mfuko wa plastiki, nikamwambia amwambie ni mambo ya ofisi tu. Akanitazama.

"Ofisi," akasema.

"Ofisi ya maji. Serikali inataka."

"Mzee Ochola, mimi nimezaa watoto saba. Usinifundishe uongo."

Lakini aliibeba.

Siku ishirini na tatu. Kila siku ya soko nilikwenda Ndhiwa nikajifanya napitia bei ya chumvi. Nilipitia bei ya chumvi mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kufungua duka. Wiki mbili Mama Rosa hakuonekana. Ziwa lilikuwa limechafuka, maboti hayavuki. Nilikuwa narudi nyumbani nikishuka kwenye kinamasi, nakaa kando ya shimo langu lililokatazwa.

Ukikaa pale peke yako vitu vinarudi. Mwezi kama huu, zamani, tope la pembeni likikauka na kupasuka, Odera alikuwa ananipeleka kutafuta kamongo. Samaki yule, kama hujui, anajizika kwenye tope na kupumua humo mpaka mvua irudi. Mimi nilikuwa nachimbachimba kila mahali kama kuku. Odera alikuwa analala kifudifudi, sikio kwenye tope, ananyoosha kidole kuniambia ninyamaze. Kunyamaza mimi! Nilikuwa najibana pua nisicheke. Halafu anagonga mara moja kwa ngumi, anasikiliza, anasogea hatua mbili, anagonga tena. "Hapa," anasema. Na kamongo yupo hapo, amejikunja kama mkanda. Hakuwahi kukosea hata mara moja. Na akimtoa ananipa mimi nimbebe mpaka nyumbani, ili mama adhani nimempata mimi.

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwamba alikuwa ananipa nimbebe.

Basi leo. Soko la Ndhiwa, saa nne hivi, jua tayari limeshika watu shingoni. Namwona Mama Rosa amekaa juu ya gunia, leso kichwani, anapepea omena kwa boksi. Nikapita kwanza kwenye chumvi, ili nisionekane nina haraka.

"Chumvi haijapanda," akaniambia kabla sijamsalimu. "Njoo uchukue mzigo wako."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Amekonda, lakini anasimama wima. Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Anajipikia mwenyewe, na hapiki vizuri."

"Alisema nini?"

"Alisoma mbele yangu, kurasa zote nne, nyuma na mbele. Alipofika kwenye mchoro wako akauliza, huyu samaki anacheka nini? Nikasema sijui. Kisha akauliza, yeye mwenyewe bado anachekacheka?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo, lakini siku hizi anachekea mdomoni tu. Akakaa na karatasi siku tatu. Mimi nikamwambia, mzee, boti haliwezi kunisubiri. Ndipo akaandika."

Nilifungua pale pale, kando ya omena. Ukurasa wa tatu. O kubwa kama chungu.

Napinga.

 Nilikaa kwenye gunia la Mama Rosa bila ruhusa. Nikasema moyoni, haya, umepata ulichotaka, ameandika kwa mkono wake, na alichokiandika ni hapana. Miaka tisa, na hapana. Nikaanza kuikunja karatasi.

"Soma sababu," akasema. "Hukusoma sababu."

Nikasoma. Ameandika kwa herufi zake za darasa la saba, zimenyooka: *Mahali alipochora si mahali pa kuchimba. Chemchemi haiko huko. Akichimba hapo atapata tope na vyura na ataharibu maji ya watu wa chini. Huyu mtu hasikilizi tangu utotoni. Nitaonyesha mwenyewe.*

Nikasoma mstari wa mwisho tena. Nikakumbuka ngazi za Homa Bay.

Anayekubali hana haja ya kufika. Anayepinga lazima afike.

Imepigwa chapa hapo chini ya ukurasa, maneno ya serikali, na Mama Rosa anasema alisoma kurasa zote, nyuma na mbele. Odera angeweza kuandika Nakubali, akatia sahihi, akanirudishia karatasi na kuendelea kukonda kisiwani kwake. Ingekuwa rahisi, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Akachagua lile neno moja linalomlazimisha kupanda boti.

Nililia sokoni. Ninaandika hili kwa sababu Nyar Karungu hawezi kulisoma. Mama Rosa alinigeuzia mgongo akapepea omena kwa nguvu, ili watu wafikiri ni vumbi.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, isipokuwa kulia. Alikuwa anapepeta mtama. 

"Anakuja kwa hasira au kwa hamu?" nikamuuliza.

"Mtu wa miaka sabini na moja havuki ziwa kwa sababu ya vyura," akasema. Halafu akaweka ungo chini. "Baba Akoth, sikiliza. Siku hiyo ufunge mdomo. Mimi nimeolewa na mdomo huo miaka arobaini, naujua. Akifika usimwambie habari ya samaki kucheka, usimwambie habari ya ndevu, usimwambie kitu."

"Nimsalimie kwa kichwa?"

"Ndiyo huo mdomo nilioutaja."

Akachukua ndoo akatoka. Nilidhani anakwenda kisimani. Nilipochungulia nikamwona anashuka kuchota udongo, kisha anapanda nao kwenye nyumba ya Odera, ile ambayo ukuta wake wa magharibi umebomoka tangu mvua za mwaka juzi. Anakandika ukuta. Hadi sasa bado anakandika, ndiyo ile ndoo ninayoisikia. Hakuniomba msaada, na nikimaliza kuandika nitaenda kumsaidia, atanifukuza, nitabaki.

Ukaguzi ni baada ya wiki mbili, tarehe imeandikwa kwenye fomu. Nimepeleka habari kwa naibu wa chifu leo hii kwamba kuna pingamizi. Alinishika bega akasema, "Pole sana, mzee." Nikamwambia asante, kwa uso wa msiba.

Kitu kimoja tu kinanipa hofu. Afisa atakuja asubuhi. Odera ataonyesha chemchemi, na najua atakuwa amepatia, hakuwahi kukosea. Mimi nikisema ndiyo, afisa ataandika mstari mmoja, atawasha pikipiki, na saa sita mambo yamekwisha. Pikapu ya mchana inapita barabarani saa nane kwenda ziwani. Mtu aliyeshinda kesi yake ana sababu gani ya kukaa?

Kwa hiyo nimeamua. Nitabishana naye.

Akisema chemchemi iko kwenye mafunjo, nitasema iko kwenye jiwe. Akisema futi nne, nitasema sita. Nitauliza maji yatatokea wapi, na akijibu nitaomba anionyeshe tena, mguu kwa mguu, nimeshika jembe nyuma yake. Nitadai fimbo ya baba haikuangukia pale. Nitabisha kwa adabu, taratibu, mpaka afisa achoke aende zake, naibu wa chifu achoke aende zake, pikapu ipite na vumbi lake, na tubaki wawili kwenye tope, kila kitu kimeshabishaniwa, na ukuta wa magharibi umekauka.

Hapo ndipo itabidi niseme lile la mahindi. Si kwa fomu, si kwa mzaha. Kwa mdomo mtupu.

Leo nimejaribu kulisema mbele ya ng'ombe, mara tatu, hakuna mtu mwingine aliyesikia. Nilianza vizuri mara zote. Nilisema, "Odera, omera, ndugu yangu, mwaka ule." Na mara zote tatu, nikifika hapo, ulimi uliteleza wenyewe nikamaliza kwa utani. Ng'ombe hakucheka.

Zimebaki siku kumi na nne. Kesho asubuhi, kabla ya kukamua, nitajaribu tena.